MFEREJI WA MARAKWET NA NDOO YA HURUMA

 

Sisi watu wa Eldoret tukisema mfereji twamaanisha bomba. Mama anamwambia mtoto, "Nenda mferejini ulete ndoo mbili," na mtoto anajua ni pale kwenye foleni. Lakini panda gari, upite Iten, upite Kapsowar na Chesoi, halafu ushuke ule ukingo mkali wa Bonde la Kerio. Huko utawakuta watu ambao kwao mfereji ni mfereji kweli: mtaro uliochimbwa kwa mikono, ukapitishwa ubavuni mwa jabali kilomita nyingi, mpaka ukafikisha maji kwenye shamba la mtama bondeni. Na ajabu ni kwamba mlima wetu ni mmoja. Sehemu kubwa ya maji yanayoletwa hapa mjini hutoka bwawa la Moiben kule Chebara, kwenye milima ya Cherangani. Mvua inayoanguka upande wa magharibi wa milima ile inatujia sisi. Inayoanguka mashariki inateremka kwa Wamarakwet, inaingia mto Kerio na kwenda zake hadi Ziwa Turkana.

Nimeichagua historia ya mifereji hiyo kwa sababu ndani yake mna swali linalotusumbua kila mwezi kama huu, hata kama hatulitaji kwa jina. Si unajua orodha ya futari inavyokuwa? Kumi la kwanza kila nyumba imeandikwa, tende zinabaki, uji unamwagwa. Kumi la pili majina yanaanza kupungua. Kumi la mwisho unamkuta mama mmoja na sufuria yake, na mkeka umejaa watu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alisema moyoni, "Wataleta wengine." Basi swali ni hili: kwa nini mahali pengine udoezi unaliua jambo la wote katika wiki tatu, na mahali pengine watu wanaendelea pamoja kwa karne?

Tuanze na bondeni. Juu ya ukingo wa Marakwet mvua ni nyingi na kuna msitu. Chini, mita elfu moja na zaidi kuteremka, ni joto, miiba na mvua haba. Udongo wa chini ni mzuri lakini bila maji ni bure. Mito kama Embobut na Arror inaporomoka kutoka juu, inapita haraka na kupotelea Kerio. Wazee wa Marakwet, miaka mia mbili iliyopita na zaidi, waliamua kuikamata mito hiyo njiani. Wakaweka kizuizi cha mawe, magogo na matawi katikati ya mto, maji yakageuzwa kuingia mtaroni. Palipokuwa na genge, walijenga ukuta wa mawe na kuegemeza miti, wakatoboa magogo yakawa kama bomba. Hawakuwa na chombo cha kupimia mteremko isipokuwa maji yenyewe. Mifereji mikuu inapita 40, ukiacha matawi yake. Afisa wa kikoloni R. O. Hennings aliyeiona na kuiandikia alistaajabu, na miaka ya 1980 wataalamu wa mambo ya kale wakaja kuichora kwenye ramani mmoja mmoja.

Lakini mimi kinachonishangaza zaidi si mawe. Hebu jiweke katika nafasi ya mtu wa kule. Mfereji unahitaji kusafishwa, na mafuriko yakija kile kizuizi kinasombwa, lazima kijengwe upya. Kazi ni ya siku nzima kwenye maji baridi na juu ya genge. Ukikaa nyumbani wewe mmoja, mfereji utatengenezwa tu na wenzako, na maji yatakuja, nawe utanywesha shamba lako. Faida umepata, mgongo hauumi. Tatizo ni kwamba jirani naye ana akili kama yako. Mkikaa nyumbani wote, hakuna mfereji, na wote mnalala njaa. Huo ndio mtego. Na kuna mtego wa pili: maji yakishafika, shamba la juu linayaona kwanza. Mwenye shamba la juu ana kiu isiyokwisha, ana watoto, na ni usiku. Nani atamzuia asifungue kidogo tu?

Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyosomwa dunia nzima. Alisema mali ya wote itaharibika tu, mfano malisho: kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi mpaka nyasi ziishe. Dawa aliyoiona ni mbili, ama serikali ishike, ama igawanywe kila mtu na chake. Serikali nyingi, za Afrika pia, zilifurahia maneno hayo. Mwenzake Elinor Ostrom hakukubali kukaa ofisini na kukisia. Yeye alikusanya habari za watu halisi: wavuvi, wakulima wa mifereji, wenye misitu ya kijiji, nchi baada ya nchi, na mwaka 1990 akatoa kitabu kuonyesha kwamba watu wengi wameweza kujitungia sheria na kuzishika bila askari na bila kuuza. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Wamarakwet wangemwambia hayo yote kwa bakuli moja la maziwa.

Wao hufanya hivi. Mfereji una wenyewe, koo zinazojulikana, na haki ya maji inafuata koo hizo. Haki hiyo inakuja na jembe. Siku ya kazi ikitangazwa, wanaume hutoka. Asiyetoka bila sababu anatozwa faini, na zamani faini hiyo ilikuwa mbuzi. Maji hayagawanywi kwa debe, yanagawanywa kwa muda: ukoo huu mchana, ule usiku, na ndani ya ukoo kila nyumba ina zamu yake. Ugomvi unapelekwa chini ya mti, kwenye baraza la wazee, lile ambalo ndugu zetu Wakalenjin wa huku huliita kokwet, na anayetaka kusema anasema. (Wanawake hawakuwa na sauti katika mambo ya mfereji, ingawa shambani ndio waliokuwa wakilima. Hilo nalitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nalisifu.)

Sasa angalia ujanja uliomo katika zamu. Nani analinda maji yasiibwe? Si askari, wala si mzee wa baraza, yeye kalala. Mlinzi ni yule anayengoja zamu inayofuata. Amesimama pembeni na jembe lake, anaangalia jua, na dakika yako ikiisha yuko hapo. Ukizidisha, umemwibia yeye, si "jamii". Na wewe ulikuwa mlinzi wa yule aliyekutangulia. Ulinzi huo haumgharimu mtu kitu, kwa sababu kila mmoja angekuwepo pale hata hivyo.

Wenzetu Waislamu walifika hapo hapo kwa njia yao. Oman, ambako wengi wa pwani yetu wana wajomba na mashangazi, wana mifereji inayoitwa falaj, mingine yenye umri wa zaidi ya miaka elfu, na ipo kama elfu tatu inayotumika. Mwaka 2006 mitano kati yake iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Maji yake yanagawanywa kwa vipande vya muda, mchana wakipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Anayejua kutafuta wakati wa Adhuhuri kwa kivuli hawezi kushindwa na hesabu hiyo. Na kule Valencia, Uhispania, kila Alhamisi saa sita mchana wakulima waliochaguliwa na wenzao hukaa mbele ya mlango wa kanisa kuu kuhukumu kesi za mifereji. Hakuna wakili, hakuna maandishi ya kesi, hukumu ni pale pale. Watu wa mji huo wenyewe huirudisha mahakama hiyo hadi enzi za Waislamu wa Andalus. Mfalme wa Kikristo aliyeuteka mji mwaka 1238 aliona afadhali aache utaratibu wa maji kama alivyoukuta.

Na kabla ya Andalus kulikuwa na Madina. Sote tulioketi madrasa tumesikia kisa cha Zubayr bin Awwam (R.A.) na jirani yake wa Ansari. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, la Ansari chini, na mfereji ni mmoja. Wakaenda kwa Mtume (S.A.W.). Yeye kwanza akamtaka Zubayr anyweshe kisha amwachie jirani, yaani kwa upole, bila kuchukua haki yake kamili. Yule bwana akakasirika, akasema ni kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yako! Uso wa Mtume ukabadilika, na hapo ndipo akamwambia Zubayr achukue haki yake yote, maji yafike kwenye kingo za shamba ndipo ayaachilie. Katika bonde la Mahzur, hapo hapo Madina, hukumu ilikuwa maji yafike vifundoni, kisha yateremke kwa wa chini. Ebu fikiria, vifundoni! Kila mtu anacho kipimo hicho mguuni mwake, na hakuna anayeweza kukibishania usiku.

Kisa cha kisima cha Ruma nacho wanahistoria wanakisimulia hivi: mwenyewe alikuwa akiuza maji ghali, na Uthman bin Affan (R.A.) akanunua kwanza nusu yake, siku moja yake, siku moja ya mwenye kisima. Siku ya Uthman maji yalikuwa bure, na watu wakateka ya siku mbili. Siku ya pili hakuna mteja. Mwenye kisima akauza nusu iliyobaki. Watu hukisimulia kuonyesha ukarimu, na kweli ni ukarimu, lakini mimi huona pia akili ya biashara ya kiwango cha juu sana.

Sasa, je, sisi watu wa leo tukoje? Kuna mchezo ambao watafiti wa uchumi huwachezesha watu. Mnakaa kundi dogo, kila mmoja anapewa pesa, na kwa siri anaamua atie kiasi gani kwenye kapu la wote. Kilichotiwa kinaongezwa maradufu, halafu kinagawanywa sawasawa kwa wote, aliyetoa na asiyetoa. Mkitoa wote mnatajirika. Lakini asiyetoa, wenzake wakitoa, anapata zaidi. Mchezo huo ukirudiwa, Ulaya na Marekani, kwa kawaida raundi ya kwanza watu hutoa karibu nusu, kisha inashuka, inashuka, mpaka mwishoni karibu hakuna anayetoa. Ni orodha ya futari yenyewe! Na ukichunguza, wengi wao si wabaya. Ni watu walio tayari kutoa wenzao wakitoa, na hawataki kuwa wajinga peke yao. Mdoezi mmoja akionekana, mwema wa kwanza anarudi nyuma, wa pili anamwangalia wa kwanza. Lakini watafiti Ernst Fehr na Simon Gächter walipowaruhusu wachezaji kumtoza faini asiyetoa, hata kama kumtoza kunamgharimu mtozaji mwenyewe, michango ilipanda badala ya kushuka.

Mtafiti mwingine wa Marekani, Jean Ensminger, aliupeleka mchezo kama huo kwa ndugu zetu Waorma wa Tana River, wafugaji na Waislamu. Waorma walipoelezwa masharti hawakuhitaji maelezo marefu. Wakaupa jina hapo hapo: mchezo wa harambee. Kwao ulikuwa ni kama kuchangia shule au barabara. Na wakatoa kwa wastani asilimia 58 ya walichopewa, na mtu mmoja katika kila wanne akatia kila kitu. Pesa ni zile zile na hesabu ni ile ile, lakini hawa walikuwa na jina la jambo lile, na desturi yake, na walijua mtu wa heshima hufanya nini siku ya harambee. (Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ilibidi iwawekee wakubwa mipaka katika harambee, maana walikuwa wameigeuza jukwaa la kura. Hata kitu kizuri kinadoewa kutoka juu.)

Msomaji wangu, hadi hapa unaweza kudhani siri ni faini. Mimi pia nisingeendelea kuandika kama isingekuwa habari moja ya Nepal. Huko Ostrom na wenzake walilinganisha mifereji iliyojengwa na wakulima wenyewe kwa mawe na matope, na ile iliyoboreshwa na serikali kwa saruji na chuma. Ungetarajia ya saruji ishinde. Lakini mara nyingi ile ya matope ndiyo iliyofikisha maji vizuri hadi shamba la mwisho. Sababu? Kizuizi cha matope hubomoka kila mwaka. Mwenye shamba la juu hawezi kukijenga peke yake, anahitaji mikono ya wa chini. Na wa chini hawezi kuja kufanya kazi kwa mtu aliyemnyima maji. Kwa hiyo wa juu anaachilia. Serikali ikija na saruji isiyobomoka, wa juu hamhitaji tena mtu yeyote, na maji yanaishia kwake.

Nimelifikiria jambo hili nikiangalia mitaa yetu. Huruma ni mtaa wa kupanga, watu wa kila kabila, leo yuko, kesho kahama. Jirani yako wa foleni ya maji huenda usimwone mwezi ujao. Na wenye uwezo kati yetu tunajinunulia saruji zetu: tangi letu juu ya paa, geti letu, mlinzi wetu. Simlaumu mtu kwa kuweka tangi. Lakini siku ile mwenye tangi alipoacha kusimama kwenye foleni, foleni ilipoteza mtu mwenye sauti ambaye angepiga simu bomba likikauka. Unakumbuka hadithi ya watu wa jahazi, wengine juu, wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu wapate maji bila kuwasumbua wa juu? Kila mara huwa tunawaangalia wale wa chini wenye shoka. Ni nadra kuuliza kwa nini kupanda juu kuteka maji kulionekana ni usumbufu.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao ni mchungu, na historia ya kweli haiuruki. Wamarakwet hawa hawa waliogawana maji kwa dakika hawakuwa na baraza la namna hiyo na jirani zao Wapokot juu ya ng'ombe na malisho. Machi 2001 wavamizi waliingia Murkutwa bondeni na kuua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto. Watu walikimbilia juu ya ukingo, mashamba yakaachwa. Na sisi? Tarehe 1 Januari 2008 kule Kiambaa, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kanisa lilichomwa moto na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Maelfu walilala Showground ya Eldoret. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tulikuwa bado mgongoni au hatujazaliwa, lakini nyumba zetu zinakumbuka. Kufunga barabara usiku na mchana si kazi ya mtu mmoja. Inataka zamu, inataka michango, inataka asiyetoka aonekane msaliti. Yaani ni ushirikiano ule ule, una faini zake na walinzi wake, ila umeelekezwa kwa jirani.

Kwa hiyo swali la pili ni nani anahesabiwa ndani ya mfereji. Mwaka wa kwanza wa Hijra, 622, Madina ilikuwa na Muhajirina waliokuja bila kitu, Aws na Khazraj waliokuwa wametoka kuuana, na makabila ya Mayahudi. Mtume (S.A.W.) hakuwaambia tu wapendane. Aliandikisha hati. Hati hiyo ilitaja makundi kwa majina, ikasema nani analipa dia ya nani, nani anachangia gharama mji ukishambuliwa, kwamba ndani ya Yathrib hapamwagwi damu, na ugomvi unapelekwa wapi. Baadaye sehemu ya mapatano hayo ilivunjika, na vitabu vya sira vinaeleza vipi na lini. Lakini tazama jinsi alivyoanza: na wasioaminiana, na masharti yanayohesabika, kama vifundo vya miguu.

Hapa Huruma tunalo bomba moja na kabila zote. Kamati nyingi za maji na za futari ninazoziona zina watu wa upande mmoja, wanaojuana tangu nyumbani. Ni rahisi, na zinakwenda, lakini siku ya taabu hazivuki barabara. Kama jumuiya yenu ya vijana inapanga zamu za futari mwaka huu, jaribuni kitu kimoja kidogo: anayepika leo akabidhi sufuria mkononi kwa anayepika kesho, ana kwa ana, na wawili hao wasiwe wa nyumba jirani wala wa kabila moja. Muone orodha itafika tarehe ngapi.

Na baada ya Idd, wale mtakaofunga safari ya matembezi, msiishie Iten kuangalia wakimbiaji. Endeleeni hadi Chesoi, msimame ukingoni asubuhi kabla ya ukungu wa joto kupanda. Chini kila kitu ni kikavu na rangi ya vumbi. Halafu utauona mstari mwembamba wa kijani umelala ubavuni mwa mlima, haupandi wala haushuki kwa ghafla. Hapo ndipo maji yanapopita.